Kuuliza Si Kujulisha

Rusizi II ni jina la vitu viwili. Kwa sisi tuliokulia Kamembe, kwanza ni mpaka: daraja, foleni ya malori, ofisi za uhamiaji, akina mama wenye mabeseni ya nyanya, na vijana wa pikipiki wanaoita abiria kwa Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa ndani ya sentensi moja. Kwa wahandisi, Rusizi II ni kituo cha umeme kwenye mto huohuo. Kilianza kazi mwaka 1989, nacho ni mali ya nchi tatu, yaani Rwanda, Burundi na Kongo, kupitia kampuni yao ya pamoja iitwayo SINELAC. Hata tahajia ya mto haikubaliani: sisi tunaandika Rusizi, ng'ambo wanaandika Ruzizi.

Siasa ya taka hujifunzwa upesi zaidi hapa kuliko darasani. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008. Anayetoka Bukavu hukaguliwa, na mifuko hiyo, ambayo sisi tunaiita masashe, huishia mpakani. Wakati huohuo chupa za plastiki za mitaa ya Bukavu husombwa na mvua, huingia Ziwa Kivu, kisha hufuata mkondo hadi bwawa la Ruzizi I, ambako zimewahi kukwamisha mitambo na kukata umeme wa watu walewale waliozitupa. Sashe linakamatwa juu ya daraja, chupa inapita chini yake. Sisemi hivyo kwa kuwacheka maofisa. Kazi yao ni darajani, si majini.

Nataka kuandika juu ya taka nyingine, zisizoelea na zisizoonekana.

Muhula uliopita tulipewa zoezi la tafsiri. Ulikuwa waraka mfupi wa kigeni kuhusu namna serikali inavyopaswa kuongea na umma kabla ya kuweka sera ya taka za mionzi, na namna ya kupanga taasisi zitakazozisimamia. Tulidhani ugumu utakuwa kwenye majina ya kemia. Haukuwa huko. Kobalti ni kobalti, sizi ni sizi, urani ni urani. Tulikwama kwenye maneno mepesi, na kipindi kizima cha saa mbili kikaishia kwenye maneno matatu.

La kwanza lilikuwa taka. Wenzangu kadhaa walitaka tuandike mabaki ya mionzi, kwa hoja kwamba taka ni kitu cha kutupa, na vitu hivi havitupwi kamwe, bali hutunzwa. Hoja ni nzuri. Lakini mimi nikisikia mabaki nasikia kiporo, chakula cha jana kinachopashwa moto asubuhi, na sikutaka mtu yeyote apate picha hiyo. Nilishikilia taka za mionzi, na ndivyo ninavyoandika hapa.

La pili lilikuwa gumu zaidi. Mmoja wetu aliandika "kuushauri umma." Mhadhiri alisoma kwa sauti, akanyamaza, akatuacha tusikie wenyewe. Kuushauri umma ni kuupa umma ushauri, yaani serikali ndiyo inayosema na watu ndio wanaosikiliza. Waraka ulitaka kinyume chake. Kushauriana kungefaa, kwa sababu ya ile -an- inayolazimisha pande mbili. Wakenya wana ushirikishaji wa umma, neno lililopata nguvu kwa Katiba yao ya 2010, ambayo inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa katika kifungu cha 10. Ni neno zuri, ila lina -ish- ndani yake: kuna anayeshirikisha na kuna anayeshirikishwa, na anayeshirikishwa husubiri zamu yake.

La tatu ni wadau. Vyombo vya habari vya Tanzania vinalitumia kila siku: wadau wamekutana, wadau wametoa maoni. Mdau ni mwenye dau, aliyeweka kitu chake mezani. Katika suala la taka za mionzi, dau kubwa kuliko yote limewekwa na watu ambao hawajazaliwa, na hao hawana namna ya kuitwa kwenye ukumbi wa hoteli.

Likizo ilipofika nilikwenda nyumbani na zoezi langu. Masenge, dada wa baba yangu, hufanya biashara ndogo ya samaki na mboga kati ya Kamembe na Bukavu, na Kiswahili chake ni kile cha ng'ambo, ambacho vitabu vyetu havikitambui lakini bila hicho hakuna soko mpakani. Nilimweleza waraka unahusu nini. Alinikatiza mapema: "Kama banakuuliza kisha kujenga, ile hapana kuuliza. Ile iko kukujulisha." Sijapata tafsiri bora ya ukurasa wa pili wa waraka ule, na sikuwa na mahali pa kuiandika, maana karatasi ya zoezi ilidai Kiswahili sanifu.

Masenge si mgeni wa mionzi. Nilipokuwa shule ya msingi alipata saratani, akapelekwa kutibiwa nje ya nchi, kwa sababu wakati huo Rwanda haikuwa na tiba ya mionzi. Tangu 2019 tiba hiyo inapatikana Kanombe, katika Hospitali ya Kijeshi ya Rwanda. Masenge alirudi mzima, na bado anabishana bei. Kwa hiyo mimi siwezi kuandika juu ya mionzi kama watu wanaoijua kwa mabomu tu. Katika familia yetu mionzi ina sura ya shangazi aliyerudi.

Mashine za kanda hii zilizowatibu watu wengi kama yeye kwa miaka mingi zilikuwa za kobalti. Ya Mulago, Kampala, ambayo kuharibika kwake mwaka 2016 kulitangazwa kote, ilikuwa mojawapo. Ndani ya mashine ya aina hiyo kuna kipande kidogo cha kobalti-60, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka 5 na kidogo. Ikifika hatua ya kutofaa tena kutibu, bado ina nguvu ya kuua. Haizimwi kama taa. Ni lazima ifungwe vizuri, irudishwe kwa aliyeitengeneza au ihifadhiwe mahali panapolindwa, na awepo mtu anayejua iko wapi. Nilipomweleza haya Masenge alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Ile kitu yenye iliniponesha iko wapi leo?"

Swali hilo si dogo. Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazili, zahanati moja ilihama na kuacha nyuma mashine yake ya sizi-137. Waokotaji wa vyuma waliibeba, wakaifungua, wakakuta unga unaong'aa kwa rangi ya buluu gizani. Watu waliugawana, wakauonyesha kwa majirani, wakajipaka. Wanne walikufa, na zaidi ya watu laki moja walipimwa. Aliyeona vyuma chakavu vikivuka mpaka wetu kwa mikokoteni hahitaji kuelezwa kwa nini nilikosa usingizi niliposoma habari hiyo. Hakuna mtu Goiânia aliyekusudia ubaya. Kilichokosekana ni taasisi iliyokumbuka.

Taka hizi, kwa hiyo, si jambo la kungojea hadi kinu cha nyuklia kijengwe. Hospitali, maabara, wajenzi wa barabara wanaopima msongamano wa lami na viwanda vinavyopima ujazo wa matangi, wote hutumia vyanzo vya mionzi. Hata koltani, inayotoka Kivu na ndani ya Rwanda pia, huja na chembe za urani na toriamu, ndiyo maana shehena zake hupimwa mionzi kabla ya kupakiwa melini. Tanzania ina jengo lake kuu la kuhifadhi taka za mionzi Arusha, chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki. Kenya ina lake Oloolua, karibu na Ngong. Sidhani kama mmoja kati ya kumi ya wasafiri wanaopita Arusha kwenda kuangalia wanyama anajua kwamba jengo hilo lipo, na pengine hilo ni dalili kwamba kazi inafanyika vizuri. Au ni dalili kwamba hakuna aliyeulizwa. Kwa nje mambo hayo mawili hufanana.

Rwanda yenyewe inakwenda kwa kasi. Oktoba 2019 ilitia saini na Urusi makubaliano ya kujenga Kituo cha Sayansi na Teknolojia ya Nyuklia. Mwaka 2020 ikaanzisha Bodi ya Nishati ya Atomiki, RAEB. Septemba 2023 ikakubaliana na kampuni ya Dual Fluid kuhusu kinu cha majaribio. Sipingi. Nimesoma kwa mshumaa, na sioni uzalendo wowote katika giza. Jambo moja katika mpangilio huu linanipendeza: anayeendeleza nyuklia ni RAEB, na anayedhibiti usalama wa mionzi, kwa sheria iliyochapishwa 2018, ni RURA. Ni vyombo viwili. Kenya nayo imetenganisha wakala wa kuendeleza, NuPEA, na mamlaka ya kudhibiti, KNRA, iliyoundwa kwa sheria ya 2019. Tanzania imeziweka kazi zote mbili ndani ya Tume moja kwa sheria ya 2003. Yawezekana wataalamu wale wale wanaziweza zote mbili, lakini mchezaji akipewa na filimbi, watazamaji hawatulii hata kama anacheza kwa haki.

Lakini muundo wa vyombo ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni muda, na hapa ndipo Rusizi inaponitisha. Sizi-137 hupungua nusu kila miaka 30. Ukitaka ibaki kidogo sana unasubiri kama miaka 300. Huo ni muda mfupi kwa taka za mionzi. Radi hupungua nusu kwa miaka 1,600. Sasa angalia kilima tunachoishi. Miaka 300 iliyopita hapa paliitwa Kinyaga, na ni karne ya 19 tu, chini ya Mwami Rwabugiri, Kinyaga ilipofungwa barabara kwenye ufalme wa Rwanda. Mwaka 1898 Wajerumani waliweka kituo Shangi. Mwaka 1916 wakaja Wabelgiji. Kukawa na mkoa wa Cyangugu, na mwaka 2006 sehemu yetu ya Cyangugu ikawa wilaya ya Rusizi ndani ya Jimbo la Magharibi. Ng'ambo, mji wa Bukavu uliwahi kuitwa Costermansville, na nchi yake ikawa Zaire kisha ikarudi kuwa Kongo. Februari 2025 Bukavu iliangukia mikononi mwa M23. Katika umri wa kipande kimoja cha sizi tumebadilisha bendera, majina, lugha za ofisi na ramani mara nyingi kiasi cha kuchosha. Nani angekuwa ameshika ufunguo wa ghala wakati wote huo?

Kongo inalijua hili kwa maumivu. Urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima ilitoka kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, Katanga, na sina haja ya kueleza kama wachimbaji waliulizwa. Kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959, chuoni. Baadaye fimbo mbili za mafuta ya kinu zilipotea. Moja ilikamatwa Italia mwaka 1998, nyingine haijaonekana hadi leo. Wanasayansi walikuwepo, sheria zilikuwepo. Nchi ndiyo iliyokuwa ikiporomoka chini ya miguu yao.

Ndiyo maana narudia SINELAC, kampuni ambayo wengi wetu tunaijua kwa kibao chake tu. Iliundwa mwaka 1983. Jumuiya iliyoizaa, CEPGL ya mwaka 1976, ililala baada ya 1994 na kuamshwa tena 2007. Katika miaka hiyo nchi hizi tatu zilipitia mauaji ya kimbari, vita na wakimbizi kwa mamilioni. Mitambo ya Rusizi II iliendelea kugawa umeme kwa mataifa ambayo nyakati nyingine hayakusalimiana. Sijui taasisi nyingine ya pamoja katika bonde hili iliyostahimili hivyo. Sababu yake, naona, haikuwa upendo. Kila mmoja alikuwa na taa iliyokuwa ikitegemea mto uleule, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na haja ya kituo kubaki salama.

Taka za mionzi hazitoi taa, na hapo mfano wangu unachechemea. Hakuna anayepigania kugawana hasara. Hata hivyo najiuliza kwa nini kila nchi ndogo ya kanda hii ijenge ghala lake, ifunze walinzi wake na kuomba Mungu siasa zake zitulie kwa miaka 300, ilhali sote sasa tumo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Rwanda na Burundi tangu 2007, Kongo tangu 2022. Ghala la pamoja lingepata macho mengi. Mwenzangu mmoja wa darasani, kutoka Bugarama, alinijibu kwamba macho mengi ni jambo jema hadi siku ya kuchagua kilima. Kilima cha nani? Alikuwa akicheka, lakini mimi nilifikiria Bugarama, uwanda wa chini ambako Rwanda, Burundi na Kongo zinakutana, nikaona jinsi mtu mwenye ramani na rula katika mji mkuu fulani angevutiwa nao.

Hapo ndipo kuuliza kunapoanza kuwa na uzito. Ufini walipotaka kuzika taka za vinu vyao, sheria iliipa halmashauri ya mji haki ya kukataa, na neno lake lilikuwa la mwisho. Eurajoki ilikubali mwaka 2000, na Bunge likafuata mwaka 2001. Uingereza iliunda kamati mwaka 2003, ikazunguka ikiwasikiliza watu, na mwaka 2006 ikapendekeza taka zizikwe chini sana ardhini. Lakini Januari 2013 baraza la Cumbria lilipiga kura ya hapana, ingawa wilaya mbili za ndani yake zilikuwa zimekubali, na mchakato katika eneo hilo ukafungwa. Kwa wengine huko ni kushindwa. Kwangu ni ushahidi kwamba swali lilikuwa swali, kwa sababu lilikuwa na majibu mawili.

Karibu na kwetu mfano ni Uyombo, Kilifi, ambako Kenya ilikusudia kujenga kinu chake cha kwanza. Wakazi, wengi wao wavuvi, waliandamana mwaka 2024, na polisi wakawatawanya kwa nguvu. Katiba yenye kifungu cha 10 ilikuwepo siku hiyo pia. Baadaye serikali ikageuza macho kuelekea Siaya, kando ya Ziwa Victoria, na sasa watu wa Siaya ndio wanaoelezwa faida.

Sisi tuna njia zetu. Kuna inteko y'abaturage, mkutano wa wananchi wa kila wiki kwenye ngazi ya chini kabisa, na kuna Umushyikirano, mazungumzo ya kitaifa yanayomfikisha mwananchi mbele ya Rais kwa simu au ana kwa ana. Nchi nyingi hazina hata kimoja. Nimekaa kwenye nyasi za inteko mara nyingi: mpaka wa shamba, mbuzi aliyekula mahindi ya jirani, michango ya bima ya afya. Watu husema kwa uwazi wanapokijua kitu. Katika mionzi, lugha yenyewe inawaziba midomo. Kinyarwanda kinasema intwaro za kirimbuzi kwa silaha za nyuklia, kirimbuzi ikiwa ni ile inayoangamiza, na mzee aliyezoea neno hilo redioni akisikia habari za nyuklia hana pa kuiweka ila huko. Kabla ya kumuuliza anaonaje, mpe neno ambalo halijamtisha wala kumlaza. Hiyo, nadhani, ni kazi ya watu wa idara za lugha kuliko ya wahandisi, na Kiswahili, ambacho Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, kina faida ya pekee hapa: ndicho kinachovuka daraja. Mwananchi wa Bukavu hahudhurii inteko yetu. Maji anayokunywa ni yetu sote.

Mfano mmoja wa kuuliza kwa kweli ninaoufahamu ni mdogo sana: alama. Ile ya zamani ya mionzi, yenye mapanga matatu meusi juu ya njano, haimwambii kitu asiyefundishwa. Nilimwonyesha Masenge kwenye simu, akasema ni feni. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilijua tatizo hilo, na kabla ya kutoa alama mpya mwaka 2007 liliijaribu kwa watu 1,650 katika nchi 11, Kenya ikiwemo, watu wa rika na viwango mbalimbali vya elimu. Ile iliyoshinda ni pembetatu nyekundu: mionzi ikishuka kutoka juu, fuvu la kichwa upande mmoja, na mtu anayekimbia upande mwingine, na mshale.

Niliifungua hiyo pia. Safari hii hakuhitaji maelezo. Alisogeza simu karibu na macho, akaitazama kwa makini kama anavyotazama noti ya faranga za Kongo anayoishuku.

"Inasema kimbia," alisema. Kisha akaweka kidole juu ya yule mtu mdogo mweusi. "Lakini anakimbia wapi, huku ao ku Bukavu?"

Nilimwambia mshale unaelekea kulia. Akaniambia kulia kunategemea umesimama upande gani wa mto.